Nasaha kwa Wanaoanza Kuandika Kurasa za Wavuti Mjini Likasi

Mtu akaaye Likasi leo, akitaka kujifunza kuandika kurasa za wavuti, hana haja ya kufunga safari ya kilomita 120 kwenda Lubumbashi kutafuta mwalimu, wala hana haja ya kungoja miaka mpaka apate ada ya chuo. Maana elimu hiyo, tangu herufi yake ya kwanza hata mambo yake ya ndani kabisa, imewekwa wazi katika intaneti na wale wale walioitunga, na aghalabu bila malipo. Taabu yake ni nyingine. Akiandika swali lake katika simu, majibu humjia kwa maelfu, mazuri na mabovu yamechanganyika, mapya na yaliyokwisha kufa yamesimama safu moja, na baina yao wamo wauzaji ambao sauti yao ni kubwa kuliko maarifa yao; na kila jibu alifungualo humgharimu mega alizozinunua kwa fedha yake, na pengine umeme umekwisha kukatika kabla hajafika nusu ya somo. Kwa hiyo jambo ambalo mwanafunzi wa hapa hulihitaji kwanza ni kujua kuchagua, na kuchagua huko kuna kanuni zake, nami nataka kuzieleza kwa utaratibu, nikimkusudia hasa kijana wa Kikula au wa Panda au wa Shituru, mwenye simu ya mkononi na pengine kompyuta kuukuu ya kuazima, aliyesomeshwa shuleni kwa Kifaransa na azungumzaye Kiswahili nyumbani.

Yafaa kwanza ajue kwa nini elimu hii haiuzwi, ili asije akadanganywa na mtu amwambiaye kwamba anayo siri. Wavuti ulibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia iliyoko Geneva. Alitoa pendekezo lake mwaka 1989, na tarehe 30 Aprili 1993 maabara hiyo ikatangaza kwamba uvumbuzi huo ni mali ya watu wote, kila atakaye na autumie asilipe kitu. Mwaka uliofuata Berners-Lee akaanzisha shirika liitwalo W3C, ambalo kazi yake ni kusimamia kanuni za wavuti na kuzichapisha hadharani. Lugha zenyewe ni tatu. HTML hueleza kila kitu katika ukurasa ni nini: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni picha, hiki ni kiungo cha kwendea kwingine. CSS, ambayo Mnorwe Håkon Wium Lie aliipendekeza mwaka 1994, huvisha ukurasa sura yake, yaani rangi, nafasi na mpangilio. JavaScript, iliyotungwa na Brendan Eich mwaka 1995, huutia ukurasa mwendo, hata ukaweza kumjibu mtu abonyezapo kitu. Utaratibu wa kujifunza ni huo huo: HTML, kisha CSS, kisha JavaScript. Somo lolote limwanzishalo mgeni na JavaScript, au na zana kubwa za mafundi kama React, kabla hajajua aya huandikwaje, hata likiwa somo zuri kwa wengine, kwake yeye halijafika wakati wake.

Kuna habari moja ambayo walimu wengi wa mbali hawaitaji, kwa kuwa wao hawajui kuhesabu mega, nayo ni kwamba kuandika ukurasa wa HTML na kuutazama hakuhitaji intaneti hata kidogo. Ukurasa ni faili la maandishi tu. Kwenye kompyuta ya Windows utafungua Notepad, utaandika, utalihifadhi faili kwa jina la index.html, nawe ukilibonyeza mara mbili, kivinjari kitalifungua mtandao uwepo usiwepo. Hapo pana mtego mmoja ambao umewavunja moyo watu wengi siku yao ya kwanza: Windows huwa na mazoea ya kuficha mwisho wa jina la faili, na Notepad huwa na mazoea ya kuongeza .txt bila kuulizwa, basi faili lako likawa kwa kweli linaitwa index.html.txt, na ulifunguapo huoni ukurasa, bali waona maandishi yako na alama zake zote kama ulivyoyaandika. Dawa yake ni kuchagua aina ya mafaili yote wakati wa kuhifadhi, mahali palipoandikwa kwa Kifaransa «Tous les fichiers», kisha ndipo uandike jina. Na asiye na kompyuta asidhani kwamba mlango umefungwa: zipo programu za simu za Android, kama Acode na Spck Editor, zinazomwezesha kuandika HTML na CSS na kuuona ukurasa papo hapo. Kidole hutaabika katika kioo kidogo, sikatai. Lakini kwa miezi ya mwanzo inatosha. Ukilishika jambo hili, utaelewa kwamba mega zako ni za kuletea masomo tu, na mazoezi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya elimu, ni ya bure kabisa.

Sasa tuje kwenye kupambanua somo jema na somo bovu. Kanuni ya kwanza ni umri wake, kwa sababu wavuti hubadilika upesi ilhali kurasa za kale hazifutwi. Usitegemee tarehe iliyoandikwa juu yake peke yake, maana wako wabadilishao tarehe bila kubadili somo; tazama mfano wa kwanza kabisa ambao mwalimu anakupa. Ukiona anakufundisha kupaka rangi kwa tagi, yaani alama ya HTML, ya <font>, au kuweka maneno katikati kwa <center>, au kuyatembeza kwa <marquee>, funga ukurasa huo mara moja: hayo yameachwa zamani na wenye kanuni. Kadhalika anayekufundisha kupanga ukurasa mzima ndani ya jedwali, au kuweka Flash, ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuitunza mwishoni mwa mwaka 2020.

Baada ya kuona alichokiweka, tazama alichokisahau. Katika sehemu ya <head> ya ukurasa wa siku hizi lazima muwe na mstari huu: <meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">. Usipokuwapo, simu huuchora ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa pikseli 980, kisha huufinya wote uingie katika kiganja, maandishi yakawa madogo kama ya kitabu cha dawa, msomaji akalazimika kuyavuta kwa vidole viwili ili aone mstari mmoja. Hapa kwetu, ambako watu walio wengi husoma kwa simu, ukurasa usio na mstari huo ni ukurasa usiosomeka. Basi mwalimu asiyeutaja tangu masomo yake ya mwanzo ama alifundisha kabla ya zama za simu, ama hakumfikiria msomaji. Mwenzake ni mstari mfupi, <meta charset="utf-8">, unaokiambia kivinjari herufi zimeandikwa kwa taratibu gani. Kiswahili chaweza kusamehe ukiusahau, kwa kuwa herufi zake hazina alama juu, lakini Kifaransa hakisamehi. Andika jina la duka, «Alimentation Générale», kama lilivyopakwa katika kuta nyingi za mji huu, na pasipo mstari ule huenda ukaona «Générale», ukadhani simu imeharibika. Nimezoea kulipima kila somo jipya kwa mistari hii miwili kabla sijamshauri mtu yeyote kulifuata. Kipimo hiki huchukua dakika moja, na ni nadra kunidanganya.

Kanuni ya pili ni kwamba somo jema huutia mkono kazini. Vijana wengi hupenda filamu za YouTube, nami siwalaumu, maana sauti ya mtu huleta uchangamfu. Walakini saa moja ya filamu huweza kula mega mia kadhaa, ilhali somo la maandishi lenye maarifa yale yale, na zaidi, huwa halifiki hata mega chache. Tena filamu humlaza mwanafunzi. Humwona mwalimu akiandika kwa wepesi, naye akaona ameelewa. Mwalimu akiondoka, akibaki peke yake mbele ya faili tupu, hajui aanzie wapi. Somo la maandishi humlazimisha asimame, asome mstari, auandike, autazame, akosee, arudi. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba filamu iwe kiburudisho cha pale ulipokwama, na maandishi yawe chakula cha kila siku. Atakaye filamu za Kifaransa zilizopangwa vizuri anaweza kumtazama Grafikart, ambaye amefundisha mambo haya kwa miaka mingi. Lakini hata huko asikilize kidogo, asimamishe, kisha aandike.

Nikiulizwa chanzo kimoja tu cha kushikamana nacho, nitasema bila kusita: MDN. Ilianzishwa mwaka 2005 na Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, na mwaka 2017 Google, Microsoft, Samsung na W3C wakakubaliana kushirikiana nao katika kuitunza. Yaani wale watengenezao vivinjari ndio hao hao waelezao vivinjari hufanyaje. Mahali pake ni developer.mozilla.org. Ndani yake mna sehemu mbili ambazo mgeni huzichanganya, kisha akakimbia akisema MDN ni ngumu. Sehemu moja ni marejeo: humo kila tagi ya HTML na kila sifa ya CSS ina ukurasa wake, uelezao kwa ukamilifu, pamoja na mfano na orodha ya vivinjari viikubalivyo; hiyo ni kamusi, na hakuna ajifunzaye lugha kwa kuisoma kamusi tangu alifu hata mwisho wake. Sehemu ya pili ni ya wanaojifunza, na humo masomo yamefuatana kwa daraja, tangu kuandaa folda ya kazi hata kupanga ukurasa mzima. Anzia hapo. Na hapa mwana wa Kongo ana bahati asiyoifikiri: sehemu kubwa ya MDN imefasiriwa kwa Kifaransa, basi yale masomo ambayo mwenzake asiyejua Kiingereza wala Kifaransa huyasikia kwa mbali, yeye anayasoma kwa lugha aliyofundishiwa hesabu. Tafsiri hiyo ni kazi ya watu wa kujitolea, na kwa ajili hiyo pengine kurasa zake huchelewa nyuma ya asili. Unapoona neno la Kifaransa halilingani na uonalo katika kivinjari chako, badili lugha juu ya ukurasa, uutazame wa Kiingereza, hata kama utaisoma mifano peke yake, maana msimbo, yaani HTML na CSS zenyewe, ni ule ule katika lugha zote.

Kwa yule ambaye MDN humtisha kwa ukavu wake, pana OpenClassrooms. Habari ya asili yake yapendeza kuisikia kijana: Mathieu Nebra, Mfaransa, aliifungua mwaka 1999 akiwa na umri wa miaka 13, kwa jina la Site du Zéro, kwa sababu vitabu alivyovikuta viliandikwa kwa watu waliokwisha kujua, naye alitaka masomo ya mtu aanzaye na sifuri; mwaka 2013 ndipo ilipopata jina la sasa. Somo lake la HTML na CSS limeandikwa kwa Kifaransa chepesi, na mwandishi humsemesha msomaji kana kwamba ameketi karibu naye. Masomo husomwa bure, ilhali njia za kupata diploma na mwalimu wa kukufuata hulipiwa. Soma yaliyo bure, na hayo ya kulipia usiyawaze mpaka uwe umekwisha kuwa fundi wa kiasi, ujue wanunua nini.

W3Schools ndiyo itakayokujia mbele kila utafutapo, nayo yahitaji maelezo. Iliundwa mwaka 1998 na kampuni ya Norway, Refsnes Data, na ijapokuwa jina lake lafanana na la W3C, haina uhusiano wowote na shirika hilo. Mwaka 2011 mafundi walifungua tovuti nzima ya kuyahesabu makosa yake, na wenyewe wakayasahihisha mengi. Leo ni mahali pema pa kutazama mfano mfupi na kuujaribu palepale katika kisanduku chake, na mifano yake ni miepesi kwa mega; ila maelezo yake hukwambia jambo hufanywaje na ni mara chache kukwambia kwa nini. Itumie kwa haraka, kisha urudi MDN kuthibitisha.

Tovuti ya nne ni freeCodeCamp, iliyoanzishwa na Mmarekani Quincy Larson mwaka 2014, shirika lisilo la faida, ambalo humpa mwanafunzi zoezi baada ya zoezi ndani ya kivinjari na halimruhusu kupita mpaka msimbo wake uwe sawa. Nidhamu hiyo ni njema mno kwa wenye haraka. Mazoezi yake hutaka mtandao, na lugha yake ya asili ni Kiingereza, ingawa watu wa kujitolea wameanza kuyafasiri kwa lugha nyingine, Kiswahili kikiwamo. Na ajuaye Kiswahili sanifu na Kifaransa pamoja angeweza, hata kabla hajawa fundi, kuisaidia kazi hiyo ya kufasiri, kwani fani hii ina njaa kubwa ya maneno ya Kiswahili yaliyo safi.

Sikutaja zaidi, na nimekusudia. Mwanafunzi ahamaye kila wiki kutoka somo hili hadi lile ni kama kijana wa karakana ambaye kila mwezi yumo kwa fundi mwingine: huko kote hufagia, wala hakuna alikofika kushika nyundo. Chagua mmoja awe mwalimu wako, MDN au OpenClassrooms, umfuate mpaka mwisho wa HTML na CSS, na mwingine yeyote awe wa kuulizwa swali tu.

Nimesema juu ya umeme, na nisingependa kupita upesi. Kituo cha umeme cha Mwadingusha kilichoko katika mto Lufira hakiko mbali nasi, wala si kimoja tu katika jimbo hili. Hata hivyo kila mtu wa Likasi azijua saa za giza, na ajua jinsi minara ya simu inavyolegea umeme ukikosekana kwa muda mrefu. Basi elimu iliyo mtandaoni tu ni elimu ya nusu ya siku. Sharti uichukue nyumbani. Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kuhifadhi somo kwa PDF, jambo ambalo kivinjari cha simu hulifanya kupitia amri ya kuchapisha, bila programu nyingine. Njia kubwa zaidi ni Kiwix, programu ya bure iliyoanza mwaka 2007, ifunguayo mafaili ya aina ya ZIM, ambayo kila moja ni tovuti nzima iliyofungwa katika furushi: Wikipedia ya Kifaransa imo, na maktaba za maswali na majibu ya wanaoandika programu zimo. Mafurushi mengine ni makubwa mno kwa simu, kwa hiyo tazama uzito kabla ya kuanza kuyapakua, na mtu mwenye safari ya Lubumbashi au mwenye mtandao wa kazini apakue mara moja, kisha wengine wanakili kwake kwa kadi ya kumbukumbu au kwa Bluetooth. Ipo pia DevDocs, devdocs.io, ambayo ukiifungua mara moja na kuiamuru ihifadhi HTML, CSS na JavaScript, hubaki ndani ya kivinjari na kujibu hata mtandao ukizimika. Hiyo ni ya Kiingereza, na marejeo yake hutoka MDN. Wala usiogope kwamba unaiba unapogawa nakala hizi: maandishi ya MDN yametolewa chini ya leseni iruhusuyo kunakili na kugawa, mradi utaje yalikotoka na uyaache huru kwa leseni hiyo hiyo. Vijana watatu wa mtaa mmoja, wakinunua mega kwa zamu na kugawana walichokipata, wanaweza kusoma mwaka mzima kwa gharama ya mmoja.

Kutafuta nako ni ufundi. Usiandike swali pana, «nataka kutengeneza tovuti», maana umewaita wauzaji wote kwa mpigo. Andika jambo moja, kwa Kifaransa, na mwisho wake uongeze neno MDN, kwa mfano: «centrer image flexbox MDN». Ukitaka majibu ya MDN peke yake, anza na site:developer.mozilla.org kisha neno lako. Na shule nyingine ipo mbele ya macho yako kila siku, maana hakuna ukurasa wa wavuti uwezao kukufikia bila kukuletea HTML yake: ukibonyeza Ctrl pamoja na U kwenye kompyuta, utaiona yote, na F12 itakufungulia chumba cha ndani ambamo unaweza kubadili rangi ya ukurasa wa mtu na kuona matokeo, bila kumdhuru, kwa kuwa mabadiliko yako hayatoki katika mashine yako. Kurasa za makampuni makubwa zimechanganywa na mashine hata hazisomeki. Anza na kurasa ndogo.

Programu za akili bandia, ambazo siku hizi kila kijana anazo katika simu, zina nafasi yake, nami ningependa itambuliwe vizuri. Ukiziomba zikuandikie ukurasa, zitauandika, nawe hutakuwa umejifunza kitu. Tena huweza kukutolea sifa ya CSS isiyokuwapo kwa uhakika ule ule zitoleao iliyopo. Ziombe zikufafanulie mstari uliouandika wewe ukakataa kufanya kazi, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, kisha nenda MDN ukahakikishe. Kwa namna hiyo zitakuwa msaidizi wa mwalimu, na msaidizi mwenye subira nyingi.

Wako pia watu, hapa na kwingineko, watangazao katika WhatsApp na Facebook kwamba kwa siku chache na kwa dola kadhaa watakufanya fundi wa tovuti na kukupa cheti. Muulize mtu huyo maswali mawili: akuonyeshe kurasa alizoziandika mwenyewe zikiwa hewani, na akwambie utamaliza somo ukiwa umetengeneza nini kwa mkono wako. Mwalimu wa kweli hufurahi kuulizwa hivyo, na walimu wa kweli wapo, na wanastahili ujira wao, kwa sababu mtu wa kukusahihisha ana kwa ana ana thamani ambayo tovuti haina. Asiyejibu, usimpe fedha.

Mazoezi yako na yatokane na maisha ya hapa. Masomo mengi yatakuambia utengeneze ukurasa wa mkahawa wa Paris au wa paka; acha, tengeneza ukurasa wa duka la mama yako au la shangazi yako katika soko la Kikula. Mna mambo yote ya HTML humo: kichwa, ambacho ni jina la duka, aya moja ya kueleza lilipo, jedwali halali kabisa, kwa kuwa bei ni jambo la jedwali, lenye unga wa bukari, mafuta, samaki wakavu wa Kasenga na makaa, picha moja, na kiungo cha namba ya simu, ambacho mteja akikigusa, simu hupiga. Mwanzoni kabisa andika <html lang="sw">, ili vivinjari na mashine zisomazo kwa sauti zijue kwamba maneno haya ni ya Kiswahili. Picha uipunguze kwanza: iliyotoka katika simu huweza kuwa na mega tatu au nne, nayo kwa ukurasa kama huu haina haja ya kuzidi kilobaiti 100, na Squoosh, programu ya bure ifanyayo kazi ndani ya kivinjari, itaipunguza bila kuiharibu. Mteja wako naye hununua mega kama wewe. Ukimaliza, peleka faili lako validator.w3.org, chombo cha W3C chenyewe, kikuonyeshe kila tagi uliyosahau kuifunga. Makosa yakiwa mengi usitishike, anza na la kwanza, kwani mara nyingi ukilirekebisha hilo, kumi ya chini yake hutoweka yenyewe.

Ukurasa ukiwa safi, utoe nje. GitHub Pages huuweka hewani bila malipo, mradi faili la kwanza liitwe index.html, na anwani utakayopewa itakuwa na jina ulilojichagulia likifuatwa na github.io, tena utakuwa umeanza kuizoea zana ambayo mafundi wa dunia nzima huitumia kutunza kazi zao. Kununua anwani ya .cd, ambayo ni alama ya nchi yetu katika wavuti, kungoje mpaka pawe na mteja wa kuilipia.

Hapo ndipo JavaScript hupata wakati wake, na kwa hiyo nakupeleka javascript.info, kitabu kirefu cha Ilya Kantor chenye tafsiri ya Kifaransa katika fr.javascript.info, kisomwacho bure. Usikisome chote. Soma sura za vigeuzi, masharti na matukio, kisha urudi kwenye lile jedwali la bei, ulitilie kitufe kimoja: mteja akikibonyeza, bei za franka zigeuke za dola, na akikibonyeza tena zirudi franka. Kiwango cha kubadilisha mwenye duka ataandika mwenyewe kila asubuhi katika kisanduku kimoja, kwa maana hapa kwetu hubadilika, na hesabu yako ni kugawanya tu, ukikumbuka kukataa kisanduku kilichoachwa tupu au kilichotiwa sifuri.